Kilemba cha Bwana Tungule

Kabla hujatia mkono ndani ya karagosi, vua pete. Hilo ni la kwanza, na nimeshawaambia vijana wengi wakanicheka, mpaka pete iliponasa kwenye uzi, karagosi akaanguka chini na mkono wa mwenyewe ukabaki juu, mtupu, mbele ya watu. La pili, kata kucha. La tatu ndilo lililonikalisha nikakuandikieni haya, na nitalisema baadae kidogo, kwa sababu nikilisema sasa mtaliona jambo dogo.

Mnaonijua mnanijua kwa kazi ya skuli. Miaka mingi nimezunguka skuli za Maskati, Matrah na Sib na makaragosi wangu, nikifundisha watoto kupiga mswaki na kuvuka barabara, mpaka magoti yakakataa kupigwa chini nyuma ya pazia. Sasa nimestaafu, nakaa hapa Sib kwa binti yangu, na nyinyi mnakuja kila Ijumaa na simu zenu mkitaka nikuonyesheni mkono unavyokwenda. Juzi mmoja wenu aliniuliza, "Babu, zamani mlikuwa mkiogopa nini hasa? Si wanasesere tu?" Siku ile nilimcheka nikammiminia kahawa. Alipokwenda zake niliinuka kuangalia kama mlango umefungwa.

Basi nakwambieni tulikuwa tukiogopa nini.

Kazi hii nilifundishwa Unguja na Maalim Shaibu, mtu mfupi mwenye sauti tatu, moja ya mume, moja ya mke na moja ya punda, na ya punda ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Zama za Mngereza alikuwa akichezesha makaragosi kwenye ukumbi wa serikali, kabla ya senema au baina ya michezo ya skuli. Mbele viti vya Wazungu, nyuma mabao yetu sisi. Serikali ilitaka karagosi awafundishe watu kuchemsha maji na kulala ndani ya chandarua. Maalim alitaka watu wacheke. Kila mchezo ulitakiwa uandikwe upelekwe kwa afisa, ausome, aupige muhuri. Maalim akiandika, "Mke anamweleza mumewe faida za chandarua." Afisa anapiga muhuri. Siku ya mchezo mke anamweleza mumewe faida za chandarua kwa kumpiga mwiko wa kichwa mara kumi na mbili, na mume anatafuta pa kujificha humo humo ndani ya chandarua. Hakuna hata neno moja lililozidi kwenye karatasi ya afisa.

Tulikuwa na makaragosi wanne: Bwana Tungule, mume, mwenye pua nyekundu kama nyanya, ndiyo iliyompa jina, Bi Chuma, mkewe, Tabibu, na Punda. Tungule alikuwa mvivu, mwongo na mwoga, na watu walimpenda kuliko jamaa zao. Kichwa chake Maalim alikitengeneza kwa magazeti yaliyoroweka siku tatu yakapondwa na uji wa muhogo. Sikilizeni hapa, nyinyi mnaonunua vichwa vya plastiki madukani: jicho la karagosi usilichore likitazama mbele moja kwa moja, litamfanya awe maiti. Lipeleke pembeni kidogo tu. Kila mtu ukumbini atahisi anatafutwa yeye.

Maalim alikuwa na ada moja ambayo sijaiona kwa mchezeshaji mwengine. Akiiita nguo ya nyumba. Popote tulipoalikwa, kabla ya kuanza, mwenyeji alitakiwa atoe kitambaa chake chochote, na Tungule lazima akivae. Maalim alisema watu wakikiona kitambaa chao kichwani mwa mjinga wanaanza kucheka hata hajafungua mdomo. Siku moja mwalimu mkuu wa Kizungu alitoa tai yake ya shingo. Maalim akamfunga Tungule kiunoni kama kikoi. Mimi nyuma ya pazia nilijua tumekwisha, kesho hatuna ukumbi. Mzungu yule alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Tangu siku hiyo Maalim hakuweza kuambiwa kitu juu ya nguo ya nyumba, na mimi nikaichukua ada hiyo kama nilivyochukua ukarabati wa vichwa na sauti ya punda.

Mara nyingi nguo ya nyumba ilikuwa kilemba. Kumfunga karagosi kilemba si sawa na kumfunga mtu. Kichwa ni kidogo, ukumbi ni mrefu. Maalim alinifundisha namna moja tu: ukunje kitambaa upana wa vidole viwili, ukipandishe mbele kisimame juu ya paji, ncha uiingize nyuma. Hivyo hata aliyekaa bao la mwisho anaona pale pana kichwa. Nilifanya mazoezi mpaka nikaweza kufunga kwa mkono mmoja na meno, huku Punda yuko mkono wa pili akiendelea kusema. Unguja vitambaa vya watu vilikuwa vyeupe au vya maua. Hakuna aliyesema kitu.

Mambo yalipoharibika mwaka wa sitini na nne, Maalim alikuwa keshafariki na sanduku lilikuwa langu. Mama na mimi tulikuja Maskati na sanduku hilo na mashuka mawili. Msidhani mtu alikuwa akija tu. Wengi walirudishwa, wengi walikaa nchi za watu wakisubiri majibu. Sisi tuliingia kwa sababu binamu yake marehemu baba, Ami Nasor, mpika halwa wa Matrah, alibonyeza kidole gumba kwenye karatasi akasema, "Hawa ni wangu. Wakikosa, niulizwe mimi." Kidole hicho ndicho kilichokuwa nyumba yetu. Tukikosa tungepandishwa meli sisi, na Ami angeulizwa ndani ya ngome ya wafungwa, na Unguja pa kurudi hapakuwepo. Mama alikuwa tayari ana maradhi ya moyo. Kupanda ngazi za nyumba kulimkalisha chini mara mbili.

Na Maskati ya siku zile, wanangu, ilikuwa mji wenye kuta na milango, na kila kitu kilikuwa kinaweza kuwa kosa. Ngoma hapana. Nyimbo hapana. Kuvuta sigara njiani hapana. Unguja tuliomba ruhusa, tukapewa au tukanyimwa, tukajua. Hapa hapakuwa na mtu wa kumuomba ruhusa ya makaragosi, maana hapajawahi kuwa na makaragosi, na kule kuuliza tu ni kujitaja. Kwa hiyo sikuuliza. Mchana nilikuwa nikipakua magunia na kuandika majina ya watu kwenye mizigo yao. Sanduku lilikaa chini ya kitanda cha Mama, na juu yake tuliweka gunia la mchele.

Mwaka mzima ulipita hivyo. Kisha wanawake wetu wa Unguja, wachache waliokuwemo mjini, wakaanza kuulizana kwa sauti ndogo kama ni kweli yule mwanafunzi wa Maalim Shaibu yupo. Mama ndiye aliyekubali kabla yangu. Alisema, "Watu wamelia vya kutosha, mwanangu. Nenda ukawachekeshe, lakini polepole."

Polepole ndiyo ikawa kazi mpya. Nililazimika kujifunza upya kila kitu. Ngoma nikaiondoa, nikaweka kidole kwenye sinia, tena sinia lililofunikwa taulo. Mwiko wa Bi Chuma niliuvika pamba ili usilie. Tungule alikuwa akipiga kelele akipigwa. Nikamfundisha afungue mdomo apanue mikono bila sauti, na nakwambieni, hilo lilichekesha zaidi. Wanawake walicheka na leso mdomoni. Nilikuwa nikiwasikia wakihema puani. Nilichonga vichwa vipya vya akiba kwa karab, lile shina pana la kuti la mtende, jepesi kama mkate mkavu, nililolifuata Wadi Kabir kwenye mashamba, huko huko kwenye magereji yenu ya leo.

Mchezo ulikuwa daima baada ya sala ya alasiri, watu wapate kurudi makwao mapema. Mimi mwanamume, wao wanawake, kwa hiyo nilipitishwa mlango wa nyuma kabla wageni hawajafika, nikaketi nyuma ya pazia kubwa la shuka, na sikutoka mpaka wa mwisho ameondoka. Sikuwaona hata siku moja. Niliwajua kwa pumzi zao.

Siku ninayotaka kukuambieni ni ya mwaka wa sitini na sita, nyumbani kwa Bi Salma, mjane wa Unguja aliyekuwa akikaa karibu na lango la mji. Binti yake alikuwa ametimiza siku arubaini tangu ajifungue. Nilikaa ndani ya ghala la tende, giza, nikasubiri nguo ya nyumba. Bi Salma alifungua mlango kidogo akanipa kitambaa kilichokunjwa.

"Hichi kilikuwa kimefungiwa udi, chatoa harufu nzuri," alisema. "Kinafaa?"

"Kinafaa sana, Bi Salma."

Niliona kina mistari. Nyekundu, buluu, na rangi nyengine kama ya zambarau. Kitambaa chenye rangi zile nilikiona maisha yangu yote Unguja, kwenye picha zilizotundikwa ukutani, lakini pale kilikuwa kichwani mwa mkubwa wa nchi. Mkononi mwangu, kwenye ghala la tende, kilikuwa kipande cha kitambaa cha dhiraa moja chenye harufu ya udi. Bi Salma naye hakuona zaidi ya hapo. Nikakunja vidole viwili, nikapandisha mbele, nikaingiza ncha nyuma, nikapita nyuma ya pazia.

Sasa lile la tatu. Mchezesha karagosi haoni uso wa karagosi wake. Wewe uko chini, yeye yuko juu ya kichwa chako, amekupa kisogo. Watu wote nyumbani wanamuona isipokuwa wewe. Ndiyo maana lazima umtazame usoni kabla hujampandisha, umshike mbele yako kwenye mwangaza, uulize, huyu leo ni nani? Maalim aliniambia hivyo mwanzo kabisa. Siku ile ghala lilikuwa na giza na mimi nilikuwa na miaka kumi kazini, basi nikajiona mkubwa, sikutazama.

Nilimpandisha Tungule. Kulikuwa na kicheko kidogo upande wa kushoto, kisha kikakatika. Kimya.

Nilidhani hawajamuelewa. Nikampandisha Bi Chuma, akamuuliza mumewe samaki yuko wapi, Tungule akasema ameliwa na paka, akaulizwa paka yuko wapi. Kimya kile kile. Sikusikia pumzi hata moja. Maalim alikuwa na kanuni yake kwa siku kama hizo: wakinyamaza, ongeza kipigo. Kanuni hiyo haikuwahi kunitupa. Nikamfanya Bi Chuma achukue mwiko. Akampiga cha kichwa. Kimya. Akampiga cha pili na cha tatu, akamkamata ukosi akamsugua uso kwenye ukingo wa pazia. Mimi chini jasho linanitoka, najiambia nimepoteza mkono wangu, nimezeeka na miaka thelathini na mbili. Nikaongeza. Nikamlaza Tungule, nikampandisha Punda akamkalia kichwani.

Shuka ilivutwa. Bi Salma aliingia nyuma ya pazia bila buibui wala kujifunika, akamkwapua Tungule mkononi mwangu, akamgeuza, akaniwekea uso wake mbele ya macho yangu.

Kilemba kilikuwa kimesimama juu ya paji na mistari yake imeshuka sawasawa, nyekundu, buluu, zambarau. Kilikuwa kilemba cha jumba la mtawala, kilichofungwa kama wanavyofunga wao wenyewe na hafungi hivyo mwengine yeyote. Chini yake pua nyekundu ya Tungule.

"Umetuua," alisema Bi Salma kwa mnong'ono. "Ya Rabbi, umetuua sote."

"Nani yumo?"

"Bi Thuraya yumo. Mke wa akida wa lango. Ni jirani, nimwache vipi asije? Kiswahili hajui hata neno. Alichokiona ni hicho tu."

Fikirini hapo. Wenzetu walisikia habari za samaki na paka. Yeye aliona kilemba cha mtawala kinapigwa mwiko na mwanamke, kisha kinakaliwa na punda. Bi Thuraya aliinuka akaondoka kabla ya kahawa. Kwa watu wa hapa, kuondoka nyumbani kwa mtu kabla ya kahawa ni maneno mazito kuliko matusi, na nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi bila kukimbia.

Nilirudi nyumbani na sanduku limefunikwa mashuka. Mama alinitazama, akakaa. Nilipomaliza kusimulia hakulia wala hakunilaumu. Aliuliza jambo moja tu: "Ami Nasor anajua?"

"Bado."

"Basi akasikie kwako. Asisikie kwa askari."

Asubuhi yake nilikwenda Matrah kwa miguu. Ami Nasor alikuwa juu ya sufuria kubwa ya shaba, anakoroga halwa. Halwa haiachwi, ukiacha kukoroga inashika chini. Nilimwambia huku anakoroga. Nilimwambia yote, kitambaa, mwiko, Punda. Hakunitazama. Midomo yake ilikuwa ikitikisika, na nilidhani anasoma dua, kumbe alikuwa akihesabu watoto wake.

"Nani mwengine ajua?"

"Wanawake waliokuwemo."

"Usikimbie," alisema. "Ukikimbia wataniuliza kwa nini. Wakikuita, nenda na miguu yako. Kidole changu kipo kwenye karatasi, mwanangu, siwezi kukifuta."

Kisha nikasikia harufu. Ami Nasor, miaka thelathini mpika halwa, alikuwa amesimama na mwiko mkononi, hakorogi, na sufuria nzima inaungua mbele yake. Mpaka wakati ule nilikuwa naogopa kwa akili. Nilipoona moshi ule nikaogopa kwa mwili mzima.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa jikoni. Alikuwa amemkata Bwana Tungule vipande na kisu cha samaki na kumtia ndani ya seredani ya makaa, kichwa cha magazeti na kanzu na kile kitambaa, na juu yake sufuria ya wali. Alitia chembe za ubani kuua harufu. Tulikula wali ule, kwa sababu angepita jirani angeuliza mbona hamli. Kila tonge nililiteremsha kwa maji. Majivu nikayapeleka ufukweni ndani ya ndoo ya taka.

Siku mbili hakuja mtu. Nataka mjue siku mbili hizo zilivyokuwa, nyinyi mnaoniuliza tuliogopa nini. Niliogopa mlango ukigongwa na niliogopa usipogongwa. Nilifua kanzu mara mbili nipate kuonekana nafanya kitu. Mama alikunja nguo zake zote akaziweka kwenye kifurushi kimoja kidogo, akaketi karibu nacho, kama mtu aliyekwisha ambiwa meli inaondoka saa ngapi. Nilimwambia akikunjue. Akasema, "Nipate kuwa tayari, wasije wakanisukuma."

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, askari mmoja alisimama mlangoni. "Akida anakutaka. Njoo na sanduku."

Akida alikuwa ameketi kwenye baraza ya lango, jambia kiunoni, ndevu nyeupe, na askari wawili wamesimama nyuma yake. Aliniuliza kwa Kiarabu mimi ni wa nani. Nikamtaja Ami Nasor, na jina lile lilinichoma ulimi. Akaniuliza ndani ya sanduku mna nini. Nikasema wanasesere.

"Wachezeshe."

Hapakuwa na pazia. Sijawahi kuchezesha bila pazia. Nilimvaa Bi Chuma mkono huu na Tabibu mkono huu, na mikono ilikuwa ikitetemeka mpaka Tabibu akaonekana yeye ndiye mgonjwa. Nilinong'ona maneno mawili matatu ya Kiarabu changu kibovu. Bi Chuma akasema kichwa kinamuuma, Tabibu akampima goti. Na kwa sababu pazia halikuwepo, kwa mara ya kwanza tangu niingie nchi hii niliona nyuso za watazamaji wangu. Askari wa kulia alitaka kucheka. Alimtazama mwenzake. Mwenzake akamtazama akida. Na akida alikuwa ameibana midomo yake, shingo imevimba, anatazama mbele, mkono umeshika mpini wa jambia. Nilidhani ni hasira. Nilipotazama tena niliona mkono ule unatetemeka kama wangu. Mzee yule alikuwa akiogopa kucheka mbele ya askari wake mwenyewe.

"Leteni maji," aliwaambia. Wote wawili wakaenda.

Akainama karibu na uso wangu. "Yule mwengine. Mwenye kilemba. Yuko wapi?"

"Nimemchoma, ya sheikh."

"Na kitambaa?"

"Nimekichoma."

Alinitazama sana. "Umekichoma moto kilemba cha mtawala?"

Wanangu, hapo sikuwa na pa kukanyaga. Kumvika karagosi ni kosa, na kukichoma ni kosa kubwa zaidi, na mimi nimekiri yote mawili kwa mdomo wangu. Nilisikia mkojo wa moto kwenye kanzu yangu. Sikuficheni. Nilikuwa mtu mzima na nilijikojolea kwenye baraza ya lango, mchana, na Bi Chuma bado yuko mkononi.

Akida aliona. Akageuza uso akatazama njia.

"Sikiliza," alisema. "Nikipeleka habari yako juu, wataniuliza nimeipata wapi. Nitasema kwa mke wangu. Wataniuliza mke wangu alikuwa akifanya nini humo, na kwa nini siku mbili zimepita. Mke wangu hakwenda nyumba ile. Umefahamu? Hakwenda, kwa sababu hapakuwa na mchezo. Na hapakuwa na mchezo kwa sababu nchi hii haina mtu mwenye ujuzi huo. Una ujuzi gani wewe?"

Nilitaka kusema karani. Akanikatiza.

"Una ujuzi gani?"

"Sina."

"Sema tena." Askari walikuwa wanarudi na mtungi.

"Sina ujuzi wowote, ya sheikh."

"Huyu hana ujuzi wowote," aliwaambia askari. "Mwacheni apite. Sanduku litabaki."

Nikapita. Kidole cha Ami Nasor hakikuguswa. Mama alikunjua kifurushi chake akarudisha nguo kwenye msumari, moja moja. Kwa watu wengine hadithi ingeishia hapo na tungeshukuru Mungu, na kweli tulishukuru. Lakini mimi neno lile sikulitema baada ya kulisema. Miaka minne nilikuwa mtu asiye na ujuzi. Bi Salma aliniita mara moja, nikasema sijui anazungumza nini, mbele ya uso wake. Nikiona mtoto anachezea kitambaa njiani nilibadilisha njia.

Mwanzo wa mwaka wa sabini moyo wa Mama ulichoka kabisa. Alilala kwenye kitanda chake karibu na dirisha, anahema kwa shida, na mimi nilikuwa nikimpepea. Alasiri moja aliamka yu mzima usoni, kama walivyo wagonjwa siku zao za mwisho, akaniomba leso yake. Nikampa. Akaikunja kwa vidole vyake vilivyovimba, akafunga fundo moja kwenye pembe, kichwa cha karagosi, kisha akanirejeshea.

"Nichekeshe kidogo," alisema. "Nna miaka sijacheka kwa sauti. Bwana Tungule na yule samaki wake."

"Watasikia, Mama."

"Nani atasikia? Mlango umefungwa. Kidogo tu, baba."

Niliingiza kidole ndani ya fundo. Kidole kilijua kazi yake. Kichwa kikainuka, kikamtazama Mama pembeni, na Mama akaanza kutabasamu hata sijasema neno. Mama yangu alikuwa na kicheko kikubwa, kicheko cha mtaa mzima wa Unguja, na nilikiona kinakuja, kinapanda kifuani mwake. Nje kwenye kichochoro nikasikia hatua za mtu.

Nilifungua lile fundo. Nikaikunjua leso, nikamfutia jasho usoni, kama kwamba ndilo nililoombwa.

Mama akanipigapiga mkono, akasema, "Basi, siku nyengine." Hatua zikapita. Alikuwa muuza maji na punda wake.

Alifariki siku ya pili yake, kabla ya adhuhuri. Miezi michache baadae akaja mtawala mwengine, nchi ikafunguka, watu wakapiga ngoma njiani hadharani, wakaja kunitafuta, wakaniuliza kama ni kweli nna ujuzi wa makaragosi. Nikasema ninao.